Miungu wa kale ndani ya kitabu cha kusikiliza cha Kiswahili: nilikopita, nilipokwama, na kimya cha sekunde nne

#1 – Fundi Simulizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwa miezi saba nimekuwa nikiandika, na kuisoma mwenyewe kwenye maikrofoni, hadithi ndefu ya miungu wa visa vya kale wanaoishi zama hizi za lifti na simu za mkononi. Ni kitabu cha kusikiliza tangu mwanzo, hakitachapwa. Nimefika sura ya kumi na moja na hapo nimekwama. Nitapafikia, ila kwanza nieleze nilikopita, maana kuna mambo nimeyaona ambayo nisingeyaona kama ningekuwa naandika kwa ajili ya macho.

La kwanza ni herufi kubwa. Kwenye karatasi, Mungu na mungu vinatenganishwa na herufi moja. Sikioni herufi hiyo haipo. Nilirekodi sura ya kwanza yote, dakika arobaini na mbili, nikamsikilizisha mama. Dakika ya tatu akanisimamisha: "Umesema Mungu amechoka?" Nilikuwa namzungumzia mungu wa radi aliyezeeka. Mama ni mtu wa ibada na alishtuka kwelikweli. Nikafuta sura nzima. Tangu siku hiyo neno hilo halisimami peke yake kinywani mwangu. Ni mungu wa radi, mungu wa milango, mungu wa kike wa kumbukumbu, au namtaja kwa jina lake. Sentensi zimerefuka kidogo, lakini zimepata mwendo wa kusimulia ambao mwanzo hazikuwa nao.

La pili ni siku za wiki. Anayeandika kwa Kiingereza amerithi maficho ya bure. Wednesday ni siku ya Woden, ndiye Odin, mkuu wa miungu ya kale ya Skandinavia. Thursday ni ya Thor. Friday ni ya Frigg. Ukimbatiza mhusika jina la siku, umemficha mungu hadharani na msikilizaji makini ananusa. Nilitaka nami nifanye hivyo. Jumatano! Lakini Jumatano haimfichi mtu, ni hesabu tu: ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Na Alhamisi nayo, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ya tano. Wiki yetu ina tano mbili na haina mungu wa kale hata mmoja. Nilikaa na tatizo hilo wiki mbili.

Kisha nikatazama kalenda upande wa miezi. Januari ni Janus, mungu wa Kirumi wa milango na mianzo, mwenye nyuso mbili, moja inatazama nyuma na nyingine mbele. Machi ni Mars wa vita. Juni ni Juno, mke wa Jupiter. Kumbe tunawataja kila mwaka! Kwa hiyo Janus ameingia kwenye hadithi yangu kama Mzee Januari, bawabu wa zamu ya usiku kwenye jengo refu, mtu anayekusalimia ukiingia kama vile ameshakuona ukitoka. Sijasema popote kuwa yeye ni nani.

La tatu ni zawadi ambayo Kiswahili kimetupa na sisi tunaipita tu. Viambishi vyetu havitaji jinsia. "Aliingia, akaketi, akaagiza maji." Nani huyo, mwanamume au mwanamke? Hujui, na sentensi haijakudanganya. Katika *Odyssey*, utenzi wa kale wa Kigiriki, mungu wa kike Athena anajigeuza mzee aitwaye Mentor na kutembea na kijana Telemachus. Katika visa vya Skandinavia, Loki anajigeuza farasi jike na kumzaa Sleipnir, farasi wa Odin mwenye miguu minane. Lugha nyingi zikifika hapo inabidi zichague kati ya "huyu mwanamume" na "huyu mwanamke". Sisi tuna *a-* na inatosha. Nimemweka mhusika wangu mmoja katika hali hiyo kwa sura nne nzima. Shida ni kwamba kile ambacho lugha inakificha, koo langu linakifichua. Nilijaribu kumsemea kwa sauti ya katikati, nikaishia kumnong'oneza. Sasa maneno yake yote yako karibu kabisa na maikrofoni, hewa nyingi, sauti kidogo.

Sasa nilipokwama.

Mhusika ninayempenda kuliko wote ni Mnemosyne, mungu wa kike wa kumbukumbu. Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anasema Zeus, mfalme wa miungu, alilala naye usiku tisa, akazaa mabinti tisa, ndio wale Muse wa nyimbo na elimu. Nilikuwa natafuta kazi ya kumpa mama huyu katika dunia ya leo. Neno la Kiingereza la makumbusho linatoka kwa hao mabinti: Mouseion, mahali pa Muse, kama ile iliyokuwa Alexandria. Basi niwaweke wao makumbusho. Nikaandika sentensi, nikaisoma kwa sauti, na neno lenyewe likanigeuka mdomoni. *Makumbusho*. Linatoka kwenye kukumbuka. Wagiriki walipaita kwa jina la mabinti, sisi, kwa lugha yetu wenyewe na bila kuwauliza, tumepaita kwa jina la mama. Niliweka kalamu chini nikatembea nje kidogo.

Kwa hiyo yupo makumbusho. Anaitwa Bi Kumbu, anafuta vumbi kwenye makabati ya vioo, na ameanza kusahau. Sura ya kumi na moja, msichana anayefanya naye kazi anamuuliza ana watoto wangapi. Anakunja vidole mmoja mmoja: Clio. Euterpe. Thalia. Melpomene. Terpsichore. Erato. Polyhymnia. Urania. Anabaki na kidole kimoja kimesimama. Cha tisa. Jina halimjii.

Wa tisa ni Calliope, na maana ya jina lake ni mwenye sauti nzuri.

Hapo nimenyamaza sekunde nne. Kwenye maandishi ningeweka nukta tatu na jicho lingeziruka. Kwenye sauti ni lazima usubiri naye. Niliipenda sana. Halafu programu ninayohariria ina kipengele cha kupunguza kimya, nilikuwa nimekiacha wazi. Kilibana kila kimya cha zaidi ya sekunde moja katika sura nzima, nami nikahifadhi juu ya faili la awali. Bi Kumbu sasa anasahau kwa nusu sekunde. Nimerudia kurekodi mara sita na haiji kama ile ya kwanza. Na kila ninayemsikilizisha anaangalia simu, anadhani imekata.

Naombeni mawazo. Na yeyote anayependa hadithi za aina hii, karibu tuzungumze kwa upana.

---

#2 – Nyota ya Asubuhi

Nimeweka kambi hapa. Hilo la makumbusho limenisisimua mwili.

---

#3 – Kalamu Nzito

Mkuu, uzi wa maana. Nianze na ngeli, ndiyo kazi yangu. Kichwa cha uzi umeandika "miungu wa kale". Biblia ya Kiswahili inasema "miungu mingine", sio "miungu wengine". Neno liko kwenye ngeli ya mi-. Miungu *ya* kale, miungu *ilikaa*. Msikilizaji aliyezoea maandiko atakusikia umekosea.

---

#4 – Fundi Simulizi

Mwalimu, ahsante, nalijua hilo na lilininyima usingizi. Niliamua hivi. Watu wanapowazungumzia kwa mbali, miungu *iliyoabudiwa*, miungu *ya* Roma, nafuata ngeli kama ulivyosema. Ila wanapoingia mlangoni, wanapokaa, wanapokohoa, siwezi kusema "ilikohoa". Nikisema "miungu ilikaa mezani" naona vinyago vimepangwa. Nikisema "miungu walikaa mezani" naona viti vinavutwa. Kwenye kichwa cha uzi nilikuwa nawaona wakivuta viti.

---

#5 – Kalamu Nzito

Kwa viumbe hai tunaruhusu upatanisho wa a-wa hata jina likiwa la ngeli nyingine: kipofu *ana*kuja, vijana *wa*mefika. Hoja yako ina mguu wa kusimamia. Basi uwe mwaminifu kwa kanuni yako hadi mwisho, usiteleze hata mara moja, maana tofauti hiyo sasa ni sehemu ya hadithi.

Na nikuongezee akiba kuhusu miezi. Julai na Agosti ni wanadamu, watawala wa Roma, waliofanywa miungu. Julius Caesar alitangazwa mungu rasmi mwaka 42 K.K., Augustus mwaka 14 B.K. baada ya kufa. Baada yao, Septemba hadi Desemba ni namba tupu: saba, nane, tisa, kumi, kwa sababu mwaka wa zamani wa Kirumi ulianza Machi. Kwa hiyo hata Warumi walifika mahali wakachoka kuita miungu wakaanza kuhesabu kama sisi na Jumatatu zetu.

Tazama pia *volkano*, yuko Vulcan mhunzi. *Atlasi*, yuko yule aliyebebeshwa mbingu. *Muziki*, ni wale mabinti tisa tena. Wamejaa kwenye kamusi.

---

#6 – Fundi Simulizi

*Muziki*. Mwalimu, nimelitumia neno hilo labda mara thelathini kwenye hadithi hii na sikuliona. Bi Kumbu anafanya kazi huku redio ikiwa imewashwa, inapiga muziki, na mabinti zake wanaimba masikioni mwake wakati yeye anatafuta majina yao. Hiyo inaingia. Leo hii.

---

#7 – Njia Panda

Naomba nipinge kidogo kwa heshima. Hadithi hizi nyingi zinajengwa juu ya wazo kwamba mungu asiyeabudiwa anadhoofika, amechoka, yuko chumba cha kupanga. Linafaa kwa waliosahaulika. Je, wasiosahaulika? Ogun, orisha (yaani mungu) wa chuma wa Wayoruba wa Nigeria, alikuwa wa wahunzi na wawindaji. Yalipokuja magari hakuzeeka, akawa wa madereva na mafundi makenika. Shango, orisha wa radi, alivuka bahari pamoja na watu waliotekwa utumwani, na hadi leo anaitwa kwenye dini za Candomblé ya Brazili na Santería ya Kuba. Msitu mtakatifu wa Osun kule Osogbo uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2005, na waumini wanakwenda pale kuabudu, sio kutembea tu.

Hao hawahitaji mwandishi wa kuwaleta zama hizi. Walifika wenyewe. Ukimchukua Shango ukamfanya mlevi mzee kwenye hadithi, umemchukua mtu wa watu.

---

#8 – Fundi Simulizi

Ndugu, hoja hii nzito na nimeifikiria tangu jana. Nilikuwa nimejiwekea mpaka: natumia tu wale ambao hawana tena waumini, Warumi, Wagiriki, Waskandinavia. Orisha sijawagusa kwa sababu hiyohiyo uliyoisema.

---

#9 – Njia Panda

Mpaka huo nao una tundu. Iceland iliitambua rasmi jumuiya ya wafuasi wa dini ya kale ya Waskandinavia mwaka 1973. Thor ana watu wake hadi leo. Mungu wako wa radi ni nani?

---

#10 – Fundi Simulizi

Ni Thor. Sikuwa nalijua hilo la Iceland.

Nimekaa nalo usiku mzima. Sitamwondoa, ila sura ya kwanza naiandika upya, kwa mara ya tatu. Nilikuwa nimemfanya mzee anayengoja kufa kwa sababu hakuna anayemwita. Sasa yupo kazini: fundi wa nyaya za umeme, anapanda nguzo usiku wa mvua wakati wengine wamekataa, na kuna watu wachache mbali wanaomkumbuka, naye anawajua mmoja mmoja. Uchovu wake ni wa kazi. Na nadhani hata mama sasa ataisikiliza bila kushtuka.

---

#11 – Mapito

Mimi nauliza swali la kizembe: kwa nini usisubiri ukakichapa tu? Kusikiliza kitabu naona ni njia ya mkato.

---

#12 – Sikio la Tatu

Hapa naomba nijibu mimi. Sioni tangu utotoni. Hakuna siku niliyosoma kitabu kwa jicho, na nimesoma vingi. Uingereza ilianza kuwapelekea wasioona vitabu vilivyorekodiwa mwaka 1935, kwenye sahani za santuri, baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kurudisha wanajeshi waliopoteza macho. Vitabu vya kusikiliza vimeanzia kwetu kabla ya kuwa vya watu walio njiani kwenda kazini. Kwangu sio mkato, ndiyo barabara.

Na kwa hadithi za miungu hasa, nani alisema zilianza kwenye karatasi? *Iliad*, utenzi mwingine wa kale wa Kigiriki, inaanza kwa kumwomba mungu wa kike *aimbe*. Mwaka 1933 hadi 1935 mtafiti Milman Parry wa Harvard alikwenda Yugoslavia na mashine ya kurekodi akitafuta jinsi tenzi ndefu kama hizo zinavyoweza kutungwa bila kuandikwa. Alimpata Avdo Međedović, hajui kusoma wala kuandika, akamtamkia utenzi mmoja wenye mistari zaidi ya 12,000. Kinywani tu, siku baada ya siku, na msaidizi anaandika kwa kasi ya mkono wake.

Kwa hiyo mleta uzi usiombe radhi. Umewarudisha walipotoka.

---

#13 – Mapito

Nimekuelewa, ndugu yangu. Nafuta neno mkato.

---

#14 – Bint Hadithi

Swali kwa mleta uzi. Wahusika wote unawasemea mwenyewe? Nimesikiliza vitabu vyenye waigizaji kumi na wawili na vyenye mtu mmoja, na kwenye hadithi za miungu napenda mmoja. Waigizaji wengi wananipeleka kwenye mchezo wa redio, najikuta nawahesabu watu. Msomaji mmoja akibadilika mbele yangu kuwa mzee, kuwa farasi, kuwa radi, ndipo naamini kujigeuza.

Na majina ya kigeni unayatamkaje? Kuna kimoja nilikiacha katikati kwa sababu jina la mhusika mkuu lilitamkwa kwa namna tatu.

---

#15 – Fundi Simulizi

Dada, ni mimi peke yangu, na sababu umeitaja vizuri kuliko nilivyoweza. Majina nayasoma kwa mdomo wa Kiswahili, kila irabu inasikika. Ka-li-o-pe, silabi nne kamili. Nina daftari la majina lenye mkazo umepigiwa mstari, na kabla ya kurekodi nalisoma lote kwa sauti. Majina ya hao mabinti wa Kigiriki yanakaa vizuri mno kwetu kwa sababu yote yanaishia na irabu. Melpomene ukilisema taratibu utadhani limezaliwa nasi.

Kwa anayetaka kujaribu: kwa kasi yangu saa moja inakula kama maneno elfu nane, na saa moja iliyokamilika inanidai saa tano za kazi. Narekodi ndani ya kabati la nguo. Nguo zinameza mwangwi kuliko kitu chochote nilichojaribu.

---

#16 – Sikio la Tatu

Turudi kwenye kimya chako, maana kila mtu amekipita na ndicho ulichokuja nacho.

Nadhani najua kwa nini wanaangalia simu. Ulipoikata na kuirudia, uliweka kimya cha kompyuta, sivyo? Sifuri kabisa. Mimi hukisikia mara moja. Ni kama mtu amefunga mlango usoni kwako. Kimya cha mtu hakiko hivyo. Chumba kinapumua, nguo inasogea, mate yanamezwa. Rekodi chumba chako kitupu dakika moja, huku umekaa palepale na maikrofoni iko palepale, uitumie hiyo kujaza. Na usiondoke kwenye kiti wakati Bi Kumbu anatafuta jina. Litafute nawe. Pumzi ya mtu anayetafuta ni tofauti na ya mtu anayehesabu sekunde.

Halafu ile redio ya kwenye post namba 6: iwache ikipiga chini kwa chini wakati anahesabu. Anapofika kidole cha tisa, izime.

---

#17 – Kalamu Nzito

Naunga mkono yote isipokuwa redio. Isizimwe. Iendelee. Calliope yumo ndani ya muziki huo. Ukiuzima umemfukuza binti.

---

#18 – Sikio la Tatu

Mwalimu ameniweza. Iendelee.

---

#19 – Fundi Simulizi

Wakuu, nimerudi. Siku tisa.

Nilirekodi chumba kitupu kama ndugu yetu alivyoelekeza. Redio niliiweka chumba cha pili, mlango umeegeshwa, sauti ya mwanamke inaimba bila maneno kusikika. Nikaingia kabatini nikafunga daftari la majina ili nisilione. Nikahesabu kwa vidole vyangu mwenyewe, gizani. Nilipofika Urania nilijilazimisha nisilifikirie linalofuata, na kwa kweli likanikimbia kidogo, nikasikia pumzi yangu inapanda. Sikupima. Nilipokuja kuhariri nikakuta ni sekunde saba.

Jana jioni nilimsikilizisha mama. Alikuwa anakunja nguo. Bi Kumbu akaanza kutaja, mama akawa anakunja taratibu zaidi. Kilipofika kimya, nilikuwa namtazama mkono. Hakugusa simu. Kwenye sekunde kama ya tano akasema, sio kwangu, kwa yule msichana wa kwenye hadithi anayesubiri jibu:

"Mwache. Atakumbuka."